Kuhama Timu Si Aibu, Mdogo Wangu

Haya, sogea hapa tuzungumze, na hiyo simu iweke chini. Najua unachokitazama. Ni ule ukurasa wa klabu yako uliobandika picha yako jana usiku, umevaa jezi, umekunja mikono, na chini yake maneno ya kukushukuru na kukutakia kila la heri huko uendako. Mashabiki wengine wamekuwekea mioyo, wengine wamesema ulichelewa kuondoka. Halafu kuna mmoja kaandika, "Kumbe alikuwepo?" Huyo ndiye aliyekunyima usingizi, wala usinidanganye.

Kupewa "thenki yuu" kunauma, sikatai. Una miaka 26, hii ilikuwa timu yako ya nne, na mjomba keshaanza kuuliza kwenye simu kama huo mpira bado unalipa au akutafutie nafasi kwenye bohari la rafiki yake. Umeanza kujiita mtu wa mkosi. Hapo ndipo ninapotaka kukusema, maana mtu aliyejiita wa mkosi Ijumaa, Jumatatu anasaini karatasi yoyote atakayowekewa mbele yake ili tu apate picha nyingine ya kubandika.

Hebu tuangalie kazi uliyoichagua. Wewe ni kiungo, tena kiungo mkabaji. Mshambuliaji anatembea na mabao yake kibindoni, akifika timu mpya anayahesabu mezani. Kipa ana mechi zake ambazo nyavu hazikuguswa. Wewe una nini cha kuhesabu? Pasi za mita tano, mipira uliyoinasa kabla haijawa hatari, mbio za kwenda kuziba nafasi ya beki aliyepanda mbele akasahau kurudi. Nani anaziona hizo? Kocha wako anaziona, na wewe. Sasa kocha akitimuliwa Novemba baada ya sare tatu, anakuja mwingine na mfumo wake, na mara nyingi na kiungo wake mfukoni. Dirisha dogo likifunguliwa, jina lako ndilo la kwanza kutajwa. Hakuna aliyekuloga. Mabeki wanabaki, kipa anabaki, kiungo anahama na upepo wa kocha, na ndivyo ilivyo kuanzia Mbagala hadi Milano.

Nimetaja Milano makusudi. Unamkumbuka McDonald Mariga wa Kenya? Vijana wa rika lako mnamjua kama kaka yake Victor Wanyama, lakini alianza yeye. Mwaka 2005 aliondoka Nairobi kwenda Sweden, tena si kwenye klabu ya majina. Alianzia Enköping, mji ambao wewe na mimi tusingeupata kwenye ramani bila kusaidiwa. Akapanda hadi Helsingborg, 2007 akaenda Parma ya Italia. Parma ikashuka daraja 2008, naye akashuka nayo. 2009 wakapanda tena. Januari 2010 Manchester City wakamtaka, mazungumzo yakafika mbali, kila kitu kikawa kama kimekwisha. Kilichokwamisha ni kibali cha kazi. Uingereza wakati ule ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA kwa wastani wa miaka miwili, na Kenya haikuwamo. Kijana amefanya kila kitu sawasawa, halafu mlango unafungwa kwa sababu ya matokeo ya timu ya taifa, jambo ambalo mguu wake peke yake haukuweza kulirekebisha.

Siku hizohizo za mwisho wa dirisha, Inter wakamchukua. Miezi michache baadaye klabu ile ikabeba ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya chini ya José Mourinho. Mariga akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa. Lakini nataka utazame alivyocheza. Aprili 2010, nusu fainali ya marudiano kule Camp Nou, Inter wako kumi uwanjani baada ya Thiago Motta kutolewa, Barcelona wanasukuma kama bahari. Dakika ya 86 anatolewa Samuel Eto'o, anaingia Mariga. Kazi aliyopewa haikuwa ya kupendeza macho, ilikuwa kukimbia, kuziba na kuondosha mipira hadi filimbi ilie. Fainali ya Madrid dhidi ya Bayern aliianza benchi akaimalizia benchi. Na medali anayo.

Baada ya hapo maisha yakageuka ya kuhamahama. Alipelekwa Real Sociedad kwa mkopo, akarudi Parma kwa mkopo, goti likamtesa, kisha Parma tena, kisha Latina, kisha Real Oviedo ya daraja la pili Hispania. Wakati huo mdogo wake anang'ara Celtic, na mwaka 2013 Victor akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, ileile iliyomfungia kaka mtu mlango. Hebu jiweke kwenye viatu hivyo siku ya sikukuu, ndugu wote wamekaa sebuleni. Wewe unashindwa kulala kwa ajili ya mtu mmoja asiye na picha kwenye ukurasa wake!

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo la pesa. Ile Parma aliyorudi 2014 ilikuwa na jina kubwa, iliwahi kubeba vikombe vya Ulaya miaka ya tisini. Jina lilikuwepo, pesa haikuwepo. Msimu huo klabu iliuzwa kwa euro moja. Ndiyo, moja, hata soda hununui. Februari 2015 mechi yao na Udinese iliahirishwa kwa sababu hawakuwa na pesa ya kuwalipa walinzi wa uwanjani. Magari ya klabu yakakamatwa. Wachezaji walikwenda miezi na miezi bila mshahara, na Machi mahakama ikaitangaza klabu imefilisika. Mariga akahamia Latina, na 2017 Latina nayo ikafilisika. Klabu mbili, za Ulaya, kwa mtu mwenye medali ya Ligi ya Mabingwa nyumbani. Kwa hiyo ukiniambia, "Dada, hii timu ni kubwa, haiwezi kunidhulumu," mimi nanyamaza tu nakutazama.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yako wewe ni miguu na muda. Daftari lake ni mkataba. Nikuulize kwa upole: nakala ya mkataba wako iko wapi? Najua jibu, iko kwa meneja. Na ule wa timu iliyotangulia? Uko ofisini kwa katibu, walisema watakupa baada ya kugonga mhuri. Mdogo wangu! Huwezi kukubali kupanga chumba bila risiti, unamsumbua mwenye nyumba hadi usiku, lakini miaka miwili ya ujana wako unaisaini ukiwa umesimama, wapiga picha wamekuzunguka, skafu shingoni, kalamu ya kuazima. Wengi mnafanya hivyo, na sikuoni mjinga. Furaha ina kelele, na kwenye kelele hakuna anayesoma ukurasa wa nne.

Ukurasa wa nne ndiko wanakoandika ukivunja unalipa nini na wakivunja wao wanakulipa nini. Tuliona sote kilichompata Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 alirudisha pesa kwa Yanga akiamini amenunua uhuru wake, na kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, mkataba unaendelea hadi 2024. Miezi ikapita kijana yuko nje ya uwanja, nchi nzima inabishana, hadi Rais Samia akaomba jambo hilo limalizwe. Juni 2023 akauzwa Azam. Mimi siingii kwenye nani alikuwa na haki, watu wametupiana maneno ya kutosha. Ninachokuonyesha ni kwamba Fei Toto ana kipaji cha kusubiriwa. Wewe na mimi tunajua kwamba wewe ukikaa nje miezi sita, hakuna atakayekuja kukuombea Ikulu.

Kwa hiyo jifunze vitu vichache vya kanuni, havitakuua. Klabu ikishindwa kukulipa mishahara ya miezi miwili, kanuni za FIFA zinakupa haki ya kuvunja mkataba, lakini kwanza unaiandikia klabu barua, unaipa angalau siku 15 ilipe. Barua, nimesema. Sauti ya WhatsApp ya kulalamika kwa katibu saa sita usiku haihesabiki, na kususa mazoezi ndiyo mbaya zaidi, maana kesho wao ndio watakaokuwa na kesi dhidi yako. Simon Msuva alipodai stahiki zake Wydad ya Morocco alipeleka kesi FIFA, na FIFA ikampa haki yake. Huendi kule na uchungu wa moyo peke yake, unakwenda na karatasi na tarehe. Jambo jingine: ukibakiza miezi sita kwenye mkataba, una ruhusa ya kuzungumza na timu nyingine. Usijifiche kama mwizi, na usisubiri wiki ya mwisho ndipo uanze kupiga simu.

Na huyo meneja wako. Najua ni mtu mzuri, alikununulia njumu ulipokuwa huna, na mama anamwita mwanangu. Sawa. Muulize kama ana leseni ya wakala ya FIFA. Akikasirika umeshapata jibu. Mkataba wa kumwakilisha mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili, kwa hiyo kile kikaratasi cha "milele hadi nitakapostaafu" ulichosaini ukiwa na miaka 19 kakitafute, tukisome pamoja. Shukrani ni kitu kizuri, mpelekee sukari na kitenge cha mkewe, lakini usimlipe shukrani kwa asilimia ya maisha yako yote.

Tuje kwenye pesa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Pesa ya usajili inakuja mara moja, kwa kishindo, na mtaa mzima unajua kabla yako. Hiyo ni mavuno ya msimu; mkulima akiyala yote mwezi wa kuvuna, masika itamkuta anakopa mbegu. Ukipewa milioni 24 kwa miaka miwili, hujapewa milioni 24. Umepewa milioni moja kila mwezi, ila imekuja kwa pamoja ili ikujaribu. Na wengi hawapewi zote, wanapewa nusu na ahadi. Ile nusu inaishia kwenye gari la mtumba lenye kioo cheusi, halafu gari linaegeshwa kwa sababu mafuta hayapo, halafu linauzwa kwa hasara wiki ile unayopewa thenki yuu. Nimeyaona magari hayo. Ulizia kama klabu inakupelekea michango yako NSSF. Wewe ni mwajiriwa kama karani wa benki, hata kama ofisi yako ina nyasi. Wengi hamjawahi kuuliza, mnaona haya, eti mtaonekana mna njaa.

Kisha kuna shida za watu. Mama anahitaji bati, mdogo wetu anahitaji ada, rafiki wa shule ya msingi ana biashara ya kuku inayohitaji "mtaji kidogo tu." Toa, hukulelewa uwe mchoyo. Lakini toa kulingana na mkataba ulio nao mkononi leo. Kosa linalowamaliza ni hili: unaahidi kwa mkataba ujao. "Nikienda Misri nitakujengea." Mkataba ujao haupo, mdogo wangu. Himid Mao aliondoka Azam 2018 kwenda Petrojet ya Misri, na msimu uleule klabu ikashuka daraja. Ikabidi ahamie ENPPI aanze tena kujijenga. Mwenyewe alikuwa anacheza na amejituma, lakini klabu inashuka na watu wake wote. Angekuwa amemwahidi mtu ghorofa kwa mshahara wa msimu wa pili, angemjibu nini?

Halafu Himid huyo alidumu Misri miaka, akihama timu hadi timu, na hakuna Mtanzania mwenye akili aliyemwita mtu wa mkosi. Haruna Niyonzima alitoka Rwanda mwaka 2011 akaja Yanga, akavuka barabara akaenda Simba, akarudi kwao, akarudi tena Yanga. Ukimtaja leo Kariakoo pande zote mbili zinatabasamu, na hilo kwa mji huu ni muujiza. Ukitaka kupokelewa siku utakayorudi, ondoka vizuri. Kwa hiyo na wewe, leo, mpigie kocha umshukuru. Mpigie yule mzee wa vifaa aliyekuwa anakuanikia soksi. Usijibu maoni ya mashabiki, na usiweke ile picha ya simba akitembea peke yake jangwani yenye maneno ya Kiingereza. Tafadhali sana.

Mwili nao. Sasa hivi huna timu, na najua vijana wa mtaani wameshakuja na jezi ya ndondo na bahasha. Nakuomba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hilo guu ndilo ofisi yako. Uwanja ule una mashimo, beki wa pale hana cha kupoteza, anataka tu aseme alimkaba mtu wa Ligi Kuu. Ukichanika goti ukiwa na mkataba, kuna mahali pa kubisha hodi. Ukichanika ukiwa mchezaji huru kwenye ndondo, watakuchangia nauli ya bajaji hadi hospitali na dua. Kama lazima ucheze, basi cheza usiku na watoto ufukweni, mpira wa plastiki, bila njumu. Asubuhi kimbia. Kiungo anayepigiwa simu tarehe 20 Desemba anaulizwa swali moja tu, "Uko fiti?" na sauti yako itakusaliti ukidanganya.

Neno kidogo kwa mke wa huyu kijana, maana najua wifi unasoma juu ya bega lake. Wifi yangu, wewe umehama nyumba mara nyingi kuliko unavyotaka kukumbuka, umeacha kitanda Mwanza, umeacha friji Mbeya kwa jirani aliyesema atalituma. Mtoto amebadilisha shule katikati ya muhula. Una haki ya kuchoka, na una haki ya kuuliza mkataba unasema nini kuhusu nyumba na nauli ya familia, kabla hajasaini na si baada. Wanaume hawa wakifurahi wanasahau kwamba wana watoto. Biashara yako ya vitafunwa usiifunge kila anapobadilisha timu. Kuna misimu aende yeye, nanyi mbaki palipo na shule. Haimaanishi ndoa imeingia mdudu.

Na wewe mdogo wangu, usinune nyumbani. Ukinyamaza siku tatu, watoto wanadhani wamekosea wao. Lia kama unataka kulia, mimi sitamwambia mtu, kisha oga, ule, umpeleke binti shule kwa mguu. Yeye hajui kama umeachwa na timu, anajua tu kwamba leo baba yupo.

Umeniuliza kuhusu mwisho wa safari, kwamba ukifika 33 utakuwa nani. Ni swali zuri na ni mapema kidogo, lakini anza. Mariga alijaribu siasa, akagombea ubunge Kibra mwaka 2019, akashindwa. Desemba 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka la Kenya. Alipita kote huko, Enköping, benchi la Madrid, klabu zilizofilisika, na aliyoyaona huko ndiyo aliyokwenda nayo kwenye kiti hicho. Kwako wewe, kozi za ukocha za mwanzo zipo, za TFF zinatangazwa, na hakuna kanuni inayokukataza kusoma ukiwa bado unacheza. Kiungo anauona uwanja mzima kuliko wote, hilo wanakubali hata washambuliaji wakiwa wametulia.

Basi, Jumatatu ukiitwa na hao watu wa Kanda ya Ziwa wanaotaka kukusajili, nenda umeshiba, usiende na njaa ya aina yoyote. Waambie unaondoka na rasimu ya mkataba, utarudi kesho. Wakikwambia dirisha linafungwa leo, angalia tarehe kwenye tangazo la TFF, mara nyingi halifungwi leo. Piga picha kila ukurasa, pamoja na ule wa nne, nitumie. Pokea simu nikikupigia. Ila nipigie kabla ya tamthilia ya saa tatu, na mshahara usinitajie mimi. Mtajie mkeo.